Patrick Ewing na timu ya ujana wake

Machi 2021, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, walinzi walimsimamisha mwanamume wa futi saba wakataka aoneshe kitambulisho. Juu ya vichwa vyao, darini, ilikuwa imetundikwa jezi namba 33 yenye jina lake. Patrick Ewing aliichezea New York Knicks miaka 15 katika jengo hilo, na kwa muda mrefu watu walilipa kiingilio ili wamwone yeye. Alipokutana na waandishi baada ya mechi hakuficha hasira. Alisema kila mtu ndani ya jengo lile anapaswa kumjua yeye ni nani, na kwamba ingebidi ampigie simu mwenye timu amuulize kama kweli ile jezi bado iko juu au imeshushwa.

Siku hiyo timu yake ilikuwa imetoka kuwafunga Villanova, vigogo wa ligi, kwa tofauti ya pointi moja. Ewing hakuwa mchezaji tena. Alikuwa na miaka 58 na alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo kilichomlea tangu mwaka 1981. Siku mbili baadaye alitwaa ubingwa wa ligi ya Big East katika ukumbi huohuo. Miaka miwili kasoro siku tano baada ya kombe hilo, ndani ya Garden ileile, Villanova walewale waliifunga Georgetown 80 kwa 48. Kesho yake Ewing akafutwa kazi.

Vyuo vya Marekani vina desturi hii ya kumrudisha kijana wao wa zamani. Mambo yakiharibika, kocha akitimuliwa na viti vikibaki vitupu, bodi hukaa na kukumbuka kwamba kuna mtoto wa nyumbani aliyewahi kuwaletea sifa. Hupigiwa simu. Hutambulishwa kwa shangwe, wazee waliosoma naye hulia, na magazeti huandika kwamba mwana amerejea. Wengine hufanikiwa. Wengi huondoka kwa mlango wa nyuma. Kisa cha Ewing nakiona kuwa ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu hakuna aliyerudi na jina kubwa kuliko lake, na hakuna chuo kilichokuwa na kumbukumbu nzito kuliko Georgetown.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, ieleweke kwamba mpira wa kikapu wa vyuo kule si bonanza la wanafunzi. Kumbi zinajaa maelfu ya watu, televisheni zinalipa mabilioni, na makocha wa vyuo vikubwa wanalipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Kila Machi timu 68 huingia kwenye mashindano ya NCAA, ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Watanzania waliomfuatilia Hasheem Thabeet alipokuwa Connecticut, kuanzia 2006 hadi 2009, wanalijua jina la Big East, maana ndiyo ligi aliyochezea kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. Georgetown ni ya ligi hiyohiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1979.

Chuo chenyewe ni cha Kikatoliki, cha mapadre Wajesuiti, kilianzishwa mwaka 1789 mjini Washington. Ni chuo cha watoto wa mabalozi na maseneta. Mwaka 1838 mapadre wake waliuza watumwa 272 ili kulipa madeni, jambo ambalo chuo kilikuja kuliombea radhi hadharani karibu karne mbili baadaye. Nalitaja kwa sababu bila historia hiyo huwezi kupima uzito wa kilichotokea Machi 13, 1972, pale chuo hicho kilipomkabidhi timu yake John Thompson, Mweusi mwenye umri wa miaka 30, mzaliwa wa Washington hiyohiyo. Timu aliyopewa ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kufungwa 23.

Thompson alikuwa pande la mtu, futi 6 na inchi 10, taulo jeupe begani, sauti ya kutikisa madirisha. Aliwahi kuwa mchezaji wa akiba nyuma ya Bill Russell kule Boston Celtics. Ofisini kwake aliweka mpira uliotolewa upepo, umenywea, ili kila kijana anayeingia auone na ajue kwamba siku moja upepo utaisha na itambidi awe na kitu kingine cha kushika. Aliajiri mwanamke aliyewahi kuwa mtawa, Mary Fenlon, akae kwenye benchi la timu na kufuatilia masomo ya wachezaji. Wachezaji wake waliokaa miaka minne karibu wote walihitimu. Mazoezi yalifungwa kwa watu wa nje, waandishi walipewa dakika chache za kuhoji, na Marekani nzima ikawa na maneno juu ya timu ile ya vijana Weusi isiyochekeana na mtu.

Ewing ndiye aliyeifanya timu hiyo iogopwe. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1962, akikua na soka na kriketi. Mama yake, Dorothy, alitangulia Marekani na kupata kazi ya jikoni katika hospitali moja ya Boston, halafu akawavuta wanawe mmoja mmoja. Patrick alifika mwaka 1975 akiwa hajawahi kucheza kikapu. Miaka sita baadaye kila chuo kilikuwa kinamtaka. Kocha wake wa sekondari aliviandikia vyuo barua akieleza kwamba kijana huyu atahitaji msaada wa walimu darasani. Barua ikavuja. Kuanzia hapo, kila alikokwenda kucheza alikuta mabango ya kumkejeli kwamba hajui kusoma, na viwanja vingine watu walirusha maganda ya ndizi.

Thompson alimkinga. Hilo ndilo neno lenyewe, na wote waliopita mikononi mwake wanalirudia. Dorothy alifariki mwaka 1983, mwanawe akiwa katikati ya masomo. Klabu za NBA zilikuwa tayari kumwaga fedha ili aache chuo mapema. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atahitimu, akabaki, na mwaka 1985 akachukua shahada yake ya sanaa kwa wakati, bila kuchelewa hata muhula mmoja.

Katika miaka hiyo minne Georgetown ilishinda mechi 121 na kufungwa 23, na ilifika fainali ya taifa mara tatu. Ya kwanza, mwaka 1982 mjini New Orleans, ilikuwa dhidi ya North Carolina. Ewing, kijana wa mwaka wa kwanza, alianza kwa kuipangua mipira ya wapinzani ikiwa tayari inashukia kikapuni. Ni kosa, na pointi wanapewa wapinzani, lakini alirudia tena na tena kana kwamba anatoa tangazo. Sekunde zikiwa chini ya 20, kijana mwingine wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan akatupa kutoka pembeni, ukaingia, ikawa 63 kwa 62. Bado kulikuwa na muda wa kujibu. Mlinzi wa Georgetown, Fred Brown, akiwa na mpira mkononi, aliona kivuli cha mtu upande wa kulia akamtupia. Alikuwa James Worthy, mchezaji wa North Carolina. Mechi ikaisha hapo.

Picha iliyobaki ya usiku ule ni ya Thompson akimkumbatia Fred Brown kifuani, jitu la kutisha likimficha kijana aliyetoka kukosea mbele ya taifa zima kwenye televisheni. Miaka miwili baadaye, mjini Seattle, Georgetown iliifunga Houston ya Mnigeria Olajuwon 84 kwa 75, na Thompson akawa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa ubingwa huo. Kipenga kilipolia alimtafuta tena Brown akamkumbatia. Mwaka 1985 Villanova waliwapokonya taji kwa 66 kwa 64, wakiingiza mipira 22 kati ya 28 waliyotupa, mchezo ambao mashabiki wa Georgetown wa rika lile hawataki kuukumbuka mpaka leo.

Ewing hakuwa wa mwisho katika ukoo wa masenta wa Thompson. Baada yake walikuja Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo, huyu wa pili akifika mwaka 1987 kutoka Kinshasa, na ufadhili wa masomo mkononi, akiwa na nia ya kuwa daktari. Thompson aliuona urefu wake akambadilishia njia, ila shule hakumwachia. Mutombo alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akawa mmoja wa walinzi wa kikapu hatari kabisa katika historia ya NBA, halafu akajenga Kinshasa hospitali yenye jina la mama yake, Biamba Marie. Alipofariki Septemba 2024, wengi wa waliomlilia Kongo hawakuwa wamewahi kumwona akicheza. Walikuwa wamelazwa pale au wana ndugu aliyetibiwa pale.

Kwa hiyo Georgetown ilipomrudisha Ewing, Aprili 2017, ilikuwa inarudisha ukoo mzima. Hata mtangulizi wake alikuwa wa ukoo huo. John Thompson III, mtoto wa Mzee, aliifikisha timu nusu fainali ya taifa mwaka 2007, halafu mambo yakaanza kwenda mrama. Mwaka 2013 walifungwa raundi ya kwanza na Florida Gulf Coast, chuo ambacho Wamarekani wengi walikuwa hawajawahi kukisikia. Misimu yake miwili ya mwisho walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mashabiki waliimba ukumbini wakitaka atimuliwe, baba yake akiwa hai na jina la baba likiwa kwenye jengo jipya la michezo. Alitimuliwa Machi 2017. Siku kumi na moja baadaye akatangazwa Ewing. Tangu 1972 kiti kile kilikuwa kimekaliwa na Thompson, na msaidizi wake aliyekuwa pia mchezaji wake, na mwanawe, na sasa mchezaji wake mwingine.

Wapo waliosema Ewing alipewa kazi kwa jina tu. Si kweli, na ni dhuluma kwa mtu aliyefanya uanagenzi mrefu. Alistaafu kucheza mwaka 2002 akaingia moja kwa moja kwenye ukocha msaidizi: Washington, Houston, Orlando, Charlotte. Alimfundisha Yao Ming, akamfundisha Dwight Howard, na kule Houston alikuwa kwenye benchi wakati Mutombo mwenyewe akimalizia maisha yake ya uwanjani. Charlotte mwenye timu alikuwa Jordan, yuleyule wa New Orleans. Miaka 15 ya kubeba mafaili ya wengine, na hakuna klabu ya NBA iliyompa timu. Alilalamika wazi kwamba watu warefu wanadhaniwa hawana akili ya kupanga mchezo. Nadhani alikuwa na hoja. Mlango pekee uliofunguka ulikuwa wa nyumbani, na yeye mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kupanga kufundisha chuo; kama si Georgetown asingekwenda chuo chochote.

Msimu wa kwanza alitoka nusu kwa nusu: alishinda 15 na kufungwa 15. Wa pili akashinda 19. Ilionekana kama safari imeanza. Kisha Desemba 2019, msimu wa tatu ukiwa katikati, wachezaji wanne waliondoka ndani ya wiki mbili, na msimu ulipoisha akaondoka pia Mac McClung, kijana wa kuruka ambaye baadaye angekuwa bingwa wa kudanki katika sherehe za nyota wa NBA. Mei 2020 Ewing aliugua Uviko akalazwa hospitali. Agosti 30 mwaka huohuo Mzee Thompson akafariki, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 79.

Hapo ndipo inapokuja ile wiki ya Machi 2021, na naomba niikalie kidogo maana ndiyo inayofanya watu wasielewe kilichofuata. Georgetown ilikuwa imetabiriwa kushika mkia wa Big East. Iliingia mashindano ya ligi ikiwa ya nane. Kumbi zilikuwa na watu wachache sana kwa sababu ya janga, unasikia viatu vikilia sakafuni na makocha wakipiga kelele. Waliwafunga Marquette. Wakawafunga Villanova 72 kwa 71, kijana wa mwaka wa kwanza, Dante Harris, akisimama kwenye mstari wa mitupo huru sekunde za mwisho na kuitia yote miwili. Wakawafunga Seton Hall. Fainali wakaisambaratisha Creighton 73 kwa 48, matokeo ambayo hata kwa timu bora ya nchi yangekuwa ya aibu kwa aliyefungwa. Ilikuwa Machi 13, miaka 49 kamili tangu siku Thompson alipoajiriwa. Mtu angetunga hadithi kama hiyo mhariri angeirudisha.

Wiki moja baadaye, kwenye mashindano ya taifa, Colorado waliwafunga 96 kwa 73. Hakuna aliyejali. Kombe lilikuwa nyumbani, Mzee alikuwa ameagwa ipasavyo, na ikachukuliwa kwamba Georgetown imerudi.

Msimu uliofuata walicheza mechi 19 za ligi wakafungwa zote 19. Msimu wa baadaye walishinda mbili, wakafungwa 18. Kwa ujumla walipoteza mechi 29 mfululizo za Big East, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya ligi hiyo, mpaka walipoifunga DePaul Januari 2023. Ukumbi wa Washington unaochukua watu zaidi ya elfu ishirini ulikuwa na safu nzima nzima za viti vitupu. Waliokuja, wengine walipiga kelele kutaka kocha aondoke. Wanaozijua Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa jinsi mashabiki wanavyoweza kumbeba mtu mabegani Jumamosi na kumtafuta kwa mawe Jumatano. Ila hapa aliyezomewa alikuwa ni yule ambaye bila yeye wasingekuwa na cha kujivunia.

Kwa nini ilianguka kwa kasi hiyo? Jibu la haraka ni kwamba Ewing hakuwa kocha mzuri wa chuo, na ndani yake mna ukweli. Timu zake zilipoteza mpira ovyo na ulinzi wake, jambo la ajabu kwa mlinzi wa aina yake, ulivuja. Kupanga mchezo wa wanaume wa NBA waliokwisha kujua kazi ni tofauti na kumfundisha mtoto wa miaka 18 mahali pa kusimama.

Lakini kuna mambo mawili yaliyobadilika chini ya miguu yake mwaka uleule wa kombe. Aprili 2021 NCAA iliruhusu mchezaji ahame chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima kama zamani. Julai 1 ikaruhusu wanafunzi walipwe kwa matumizi ya majina na sura zao, na kwa vitendo ikawa ni soko la mishahara. Ghafla kila majira ya kuchipua timu nzima inaweza kuvunjika. Nyota anahamia anakolipwa zaidi, kocha anabaki kupiga simu kama dalali. Harris mwenyewe, shujaa wa Garden, hakumaliza safari yake Georgetown.

Sasa fikiria Ewing alileta nini pale. Alileta alichopewa na Thompson: kijana anaingia, anakingwa, anakaripiwa, anakomaa, mwaka wa nne anakuwa mtu na shahada yake mkononi. Fred Brown alikumbatiwa mwaka 1982 na akalipa deni mwaka 1984. Katika utaratibu wa leo, Brown angekuwa amehama kabla ya Juni. Mbinu ile haikuwa mbaya. Ilihitaji miaka minne ya kijana mmoja, na miaka hiyo haipo tena sokoni.

Na jina je? Hapa ndipo bodi za vyuo zinapojidanganya. Wajumbe wa bodi walikuwa vijana mwaka 1984. Kwao Ewing akiingia chumbani ni kama amerudi ujana wao wenyewe. Kijana aliyekuwa anatafutwa mwaka 2021 alizaliwa mwaka 2002 au 2003. Ewing alikuwa ameshavua viatu. Kwa kijana huyo yeye ni mzee mrefu anayemsikia babu yake akimsifu. Anauliza tu maswali mawili: nitacheza dakika ngapi, na nitalipwa kiasi gani. Jezi iliyoko darini haijibu hata moja. Na vigogo wa zamani wa Big East waliofanya mechi za Georgetown ziwe vita, Syracuse juu yao, walishahama ligi kufuata fedha za televisheni za futiboli ya Kimarekani. Chuo kilikuwa kinaomba ya kale yarudi wakati hata wapinzani wengi wa kale hawapo.

Ukiwatazama waliorudi kwao, unaona kitu. Clyde Drexler alikuwa nyota wa Houston. Aliporudi kuifundisha alikaa misimu miwili, ushindi 19, vipigo 39. Chris Mullin, mwenzake Ewing wa miaka ya themanini pale St. John's, alikaa minne na kuondoka na ushindi 59 dhidi ya vipigo 73. Juwan Howard wa Michigan alianza vizuri mno, kisha msimu wa tano akashinda 8 tu na kufukuzwa. Upande wa pili yuko Roy Williams. Alisoma North Carolina lakini hakuwahi kuichezea timu ya kwanza. Alikaa kwenye kikosi cha chini, akawa msaidizi, akaenda kuifundisha Kansas miaka 15, ndipo akarudi mwaka 2003 na kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Mark Pope, aliyekabidhiwa Kentucky mwaka 2024, alikuwa nahodha wa mabingwa wa 1996, ila si jina lililouza tiketi; baada ya kucheza alienda hata kusomea udaktari kabla ya kurudi kwenye filimbi na kuzunguka vyuo vingine. Fred Hoiberg anavunja hoja yangu, maana alikuwa kipenzi wa Iowa State na bado aliporudi alifanya kazi safi. Mmoja namkubali. Kwa walio wengi naona nyota hurudi kuilinda picha yake, na yule wa benchi hurudi na daftari.

Kuna ukatili mwingine usiosemwa. Kocha wa kuajiriwa akifeli, anafunga mizigo na kwenda chuo kingine. Mtoto wa nyumbani hana pa kwenda. Machi 2022, katika msimu ule wa 0 kwa 19, mkurugenzi wa michezo wa Georgetown alitoa taarifa ya kumwunga mkono Ewing. Kocha mwingine yeyote angeondolewa siku hiyo. Alipewa mwaka zaidi kwa heshima, na mwaka huo ulimharibia zaidi, kwa sababu sasa rekodi inasomeka ushindi 75 na vipigo 109 karibu na jina ambalo kabla ya 2017 lilikuwa safi kabisa pale chuoni. Mapenzi ya chuo yalichelewesha uamuzi, na ulipokuja ulikuwa mchungu kuliko ambavyo ungekuwa.

Ewing hakubaki kusononeka. Mwaka 2024 Knicks walimpa kazi ya kuwa balozi wa klabu, na siku hizi anaonekana Garden akishangiliwa kila kamera inapomlenga. Nina hakika walinzi wanamjua.

Georgetown nayo, safari hii, iliamua kutafuta mtu wa nje, wa kwanza tangu 1972. Ikamchukua Ed Cooley kutoka Providence, kocha mzoefu wa Big East mwenye ushindi mwingi, asiye na deni lolote kwa Thompson. Msimu wake wa kwanza katika ligi alishinda mechi mbili na kufungwa 18, hesabu ileile hasa ya msimu wa mwisho wa Ewing. Wale waliokuwa wamesema tatizo ni mtu mmoja walikuwa kimya. Na Cooley mwenyewe? Ni mzaliwa wa Providence, amekulia mitaa ya umaskini ya mji huo, na kwa miaka 12 alikuwa mtoto wa nyumbani anayefundisha timu ya nyumbani, akipendwa kama alivyowahi kupendwa Ewing. Januari 2024 alirudi pale na Georgetown yake, na ukumbi mzima ukamzomea tangu alipotokeza mlangoni.